Nimesakinisha Linux, sasa kompyuta haioni mfumo wowote: nifanye nini?

*"Habari za kazi, mtaalamu. Mimi ni mwalimu wa hisabati wa sekondari hapa Morogoro. Nimenunua laptopu ya mtumba, HP EliteBook 840 G5, memori GB 8 na SSD ya GB 256, ikiwa na Windows 11 iliyopigwa upya na muuzaji. Nataka kuweka Linux Mint pembeni ya Windows ili nijifunze Python na baadaye niwafundishe wanafunzi, ila Windows ibaki, maana alama na mitihani yangu yote imo humo. Nilipunguza diski C nikapata nafasi ya GB 80. Kijana mmoja akanielekeza: ingia BIOS, zima Secure Boot, weka Legacy, kisha sakinisha. Nikafanya hivyo. Mwishoni kisakinishi kikasema 'grub-install' imeshindikana, na kwamba kosa hilo ni 'fatal'. Nilipowasha upya, skrini ikaandika 'Boot Device Not Found' na 3F0. Nikarudi nikazima Legacy. Sasa inakuja skrini ya buluu inayodai namba 48 za BitLocker, ambazo sijawahi kuziweka wala kupewa. Je, diski imekufa? Data zangu zimepotea? Fundi mmoja ananiambia dawa ni kufuta kila kitu na kupiga Windows upya. Na hivi kweli Linux inaelewana na hizi kompyuta za UEFI?"*

Mwalimu, usimruhusu mtu yeyote afute kitu. Diski yako haijafa, na kwa dalili ulizoeleza, alama na mitihani yako bado imo mahali palepale. Kilichotokea ni kwamba kompyuta imebadilishiwa namna ya kuwaka mara mbili, na kila mara ikakujibu kwa ujumbe unaotisha kuliko tatizo lenyewe. Nitaanza na jambo la kufanya leo. Maelezo ya sababu yatafuata, kwa kuwa najua mtu mwenye mitihani ndani ya mashine iliyofungwa hana subira ya nadharia.

Zima kompyuta, kisha iwashe huku ukigonga F10 mfululizo mpaka uingie kwenye mipangilio. Nenda ukurasa wa Advanced, halafu Secure Boot Configuration. Utakuta machaguo kadhaa. Unalolitaka ni lile lililoandikwa "Legacy Support Disable and Secure Boot Enable". Lichague, hifadhi, toka. Inapowaka tena, kompyuta itaonyesha tarakimu 4 na kukutaka uziandike kisha ubonyeze Enter. Hiyo ni njia yake ya kuhakikisha kwamba mabadiliko yamefanywa na mtu aliyekaa mbele ya mashine, wala si programu iliyojipenyeza. Ziandike. Chaguo la kufuta funguo za Secure Boot usiliguse kabisa, hata likiwa jirani. Baada ya hapo, kwa uwezekano mkubwa, Windows itafunguka bila kukuuliza namba hata moja.

Nasema hivyo kwa sababu ulipozima Legacy, naona uliishia kwenye chaguo linalozima vyote viwili, Legacy (njia ya zamani ya kuwaka) pamoja na Secure Boot (ukaguzi wa programu ya kuwashia). Windows 11, kuanzia toleo la 24H2 lililotoka mwaka 2024, ikisakinishwa upya kisha mtu akaingia kwa akaunti ya Microsoft, huisimba diski yenyewe, yaani huifunga isisomeke bila ufunguo, bila kumuuliza mwenye mashine. Ndivyo ulivyopata BitLocker, yaani usimbaji wa Windows, usiyoiomba. Ufunguo wa diski hiyo hutunzwa ndani ya chipu iitwayo TPM. Kila kompyuta inapowaka, hali yake hupimwa, ikiwemo kama Secure Boot imewashwa, na vipimo huwekwa kwenye chipu hiyo. Vikilingana na vya siku ufunguo ulipofungiwa, TPM huutoa kimyakimya. Vikitofautiana, huukatalia, na Windows inabaki haina njia nyingine ila kukuomba tarakimu 48 za akiba. Chipu haijui kama aliyezima Secure Boot ni mwalimu anayejaribu Linux au ni mtu aliyeondoka na begi lako pale stendi ya Msamvu. Ukiirudisha hali kama ilivyokuwa, vipimo vinarudi kama vilivyokuwa.

Ikiwa bado inadai namba, chukua simu, ingia account.microsoft.com/devices/recoverykey kwa akaunti uliyotumia kwenye laptopu hiyo. Skrini ya buluu inaonyesha kitambulisho cha ufunguo. Kilinganishe na kilichoorodheshwa kwenye akaunti, kisha andika zile tarakimu 48. Kama muuzaji ndiye aliyeiandaa mashine kwa akaunti yake, ufunguo uko kwake, na inabidi umpigie leo, kabla hajaiondoa mashine hiyo kwenye akaunti yake. Kwa anayenunua laptopu ya mtumba hili ni la kukaguliwa dukani kabisa, sambamba na betri na chaji: akaunti iliyomo ni ya nani, na mipangilio ya F10 inafunguka bila nenosiri?

Ukishaingia Windows, fanya mambo mawili kabla ya kugusa kingine. Nakili mitihani na alama kwenye flashi au diski ya nje. Kisha fungua Command Prompt kama msimamizi, andika `manage-bde -protectors -get C:`, na zile tarakimu 48 utakazoona uziandike kwenye karatasi. Usizihifadhi ndani ya laptopu hiyohiyo.

Sasa tuingie kwenye mzizi wa jambo, maana usipouelewa utaelekezwa vibaya tena na mtu mwingine mwenye nia njema.

BIOS ya asili, yaani programu ya ubao mama inayoiwasha kompyuta, ilizaliwa na kompyuta ya IBM ya mwaka 1981, na kazi yake ya kuwasha mfumo ilikuwa nyepesi mno. Ilisoma sekta ya kwanza ya diski, baiti 512 tu, na kuendesha chochote ilichokikuta pale. Kati ya baiti hizo, 446 ni za programu ya kuwashia, 64 ni za jedwali la patisheni (yaani sehemu ambazo diski imegawanywa) lenye nafasi 4, na 2 za mwisho ni alama ya kuthibitisha kwamba sekta hiyo inaweza kuwasha mfumo. Sekta hiyo huitwa MBR, na kwa diski za kawaida jedwali lake haliwezi kuhesabu zaidi ya TB 2 hivi. BIOS haikujua faili ni nini, haikujua folda, haikuitambua Windows wala Linux. Ndiyo sababu zamani ukipiga Windows kwenye mashine yenye Linux, Linux ilikuwa haiwaki tena: mifumo yote miwili iligombea zile baiti 446.

UEFI, iliyochukua nafasi ya BIOS, imetokana na kazi ambayo Intel ilianza miaka ya 1990 kwa ajili ya seva za Itanium, na tangu mwaka 2005 inasimamiwa na muungano wa kampuni nyingi. Yenyewe inasoma faili. Kwenye diski yako kuna patisheni ndogo ya FAT32 iitwayo EFI System Partition, ambayo Windows kwa kawaida huitengeneza ikiwa na MB 100. Ndani yake kuna folda inayoitwa EFI, na ndani ya folda hiyo kila mfumo una makazi yake. Windows ina folda ya Microsoft. Linux Mint, kwa kuwa imejengwa juu ya Ubuntu, hutumia folda yenye jina la ubuntu, kwa hiyo usishtuke utakapoona neno hilo kwenye menyu badala ya Mint. Mbali na folda hizo, kwenye ubao mama kuna kumbukumbu ndogo inayohifadhi orodha: jina la mfumo, patisheni ulipo, na njia ya faili la kuuanzisha. Ni kama daftari la zamu la walimu wenu: majina yamepangwa kwa mfuatano, na wa kwanza asipoonekana anaitwa anayefuata. Hakuna anayemfuta mwenzake. Windows na Linux hukaa kwenye diski moja kila mmoja na folda yake na mstari wake daftarini.

Hata jedwali la patisheni limebadilika. Diski yako inatumia GPT, ambayo kwa kawaida ina nafasi ya patisheni 128 na hutunza nakala ya jedwali mwishoni mwa diski, ili la mwanzoni likiharibika lipatikane la kurejesha.

Je, Legacy ni nini basi? Ni kipande cha UEFI kinachoigiza BIOS ya zamani, kilichowekwa ili mifumo mikongwe iendelee kufanya kazi. Kilikuwa msaada wa kipindi cha mpito. Mwaka 2017 Intel ilitangaza mpango wa kukiondoa kwenye kompyuta za watumiaji ifikapo 2020, na kwenye laptopu nyingi mpya hukikuti tena. Kwa hiyo ushauri wa "weka Legacy" unakuelekeza kwenye mlango ambao watengenezaji wenyewe wanaufunga.

Hapa ndipo ulipokwama. Kisakinishi cha Linux hakikuulizi kama unataka UEFI au BIOS. Kinaangalia tu jinsi flashi yenyewe ilivyowaka, kisha kinafuata njia hiyohiyo. Flashi ikiwaka kwa UEFI, Linux inasakinishwa kwa UEFI. Ikiwaka kwa Legacy, inasakinishwa kwa Legacy. Ningependa kila anayeweka Linux ajue jambo hili kuliko jingine lolote, kwa sababu linaamua kila kitu na halitajwi popote kwenye skrini.

Kwa kuwa flashi yako iliwaka kwa Legacy, kisakinishi kilijaribu kuiweka GRUB, yaani programu inayoianzisha Linux, kwenye ile sekta ya kwanza. GRUB haienei kwenye baiti 446. Kwenye diski za MBR, sehemu inayobaki hujificha kwenye nafasi tupu iliyopo kabla ya patisheni ya kwanza. Kwenye GPT nafasi hiyo imekaliwa na jedwali lenyewe, hivyo GRUB hutaka patisheni yake maalumu ya MB 1. Diski yako haina patisheni hiyo, kwa kuwa Windows iliyosakinishwa kwa UEFI haikuihitaji. Ndipo ukaona "fatal". Ulipowasha upya, kompyuta ikiwa bado kwenye Legacy, ilisoma sekta ya kwanza, haikukuta kitu cha kuendesha, ikaandika 3F0. Windows ilikuwepo nzima kabisa, ila Windows iliyo kwenye diski ya GPT haiwaki kwa njia ya BIOS. Mafaili ya Mint nayo yamo kwenye zile GB 80. Kinachokosekana ni folda yake ndani ya EFI na mstari wake kwenye daftari.

Kuhusu Secure Boot, yule kijana hakukudanganya. Amekupa ushauri uliokuwa na maana Windows 8 ilipoingia sokoni mwaka 2012. Secure Boot hukagua saini ya kidijitali ya faili la kuwashia kabla ya kuliendesha, na kompyuta nyingi zinatoka kiwandani zikiwa na vyeti vya Microsoft. Wakati ule watu wa Linux walihofia kufungiwa nje. Ufumbuzi ukawa programu ndogo iitwayo shim, iliyoanzishwa na Matthew Garrett: Microsoft huisaini, nayo hubeba cheti cha watengenezaji wa mfumo husika. UEFI inaikagua shim, shim inaikagua GRUB, na GRUB inakagua kiini cha Linux. Ubuntu ilianza kutumia njia hii toleo la 12.10, mwezi Oktoba 2012. Debian ilifuata mwaka 2019 kwa toleo la 10. Mint hutumia mafaili hayohayo yaliyosainiwa ya Ubuntu. Kwa mashine yako hakuna sababu ya kuzima Secure Boot.

Hata hivyo sitakuficha kwamba inaleta usumbufu wake. Draiva ambazo hazikuja na mfumo, kama zile za NVIDIA au moduli za VirtualBox, zinahitaji saini utakayoiidhinisha mwenyewe. Kisakinishi cha Mint, ukikubali kuweka kodeki za sauti na video, kinaweza kukutaka utunge nenosiri la Secure Boot. Likumbuke. Siku ya kwanza kuwasha itakuja skrini ya buluu iliyoandikwa "Perform MOK management". Chagua "Enroll MOK", kubali, andika nenosiri hilo. Wengi huona ile buluu, wakaogopa, wakabonyeza "Continue boot", kisha wakashangaa mbona draiva hazifanyi kazi. Ipo pia mifumo ambayo flashi yake ya kusakinishia haijasainiwa kabisa, Arch ikiwa mojawapo, na huko utalazimika kuzima Secure Boot. Na kwenye baadhi ya kompyuta mpya za ofisi, cheti cha Microsoft kinachotumika kusaini shim huja kikiwa kimezimwa, na inabidi ukiruhusu kwenye mipangilio. Hata katika hali zote hizo, unabaki UEFI. Kuzima Secure Boot na kuwasha Legacy ni mambo mawili tofauti, ingawa mafundi wengi huyataja kwa pumzi moja.

Kabla hujarudia kusakinisha, jiulize kama kweli unahitaji mifumo miwili. Ikiwa lengo ni Python peke yake, Python inakwenda vizuri ndani ya Windows. Ukitaka kugusa amri za Linux, andika `wsl --install` kwenye Windows 11 na utapata Ubuntu ndani kwa ndani, bila kugusa patisheni yoyote. Memori ya GB 8 inatosha kwa mazoezi. Ubaya wake ni kwamba hutajifunza jinsi Linux inavyoishi na mashine yenyewe, na bado utabeba uzito wa Windows. Kwa mwalimu anayetaka kuwafundisha wengine, mimi ningeiweka Mint kamili kwenye zile GB 80 ulizokwishazitenga. Lakini kama wiki hii unajumlisha alama za muhula, ngoja zifungwe kwanza.

Ile Mint iliyokwama ina njia mbili. Ya kwanza ni kuikarabati: unawasha flashi kwa UEFI, unapachika patisheni ya Mint na ile ya EFI, unaingia ndani kwa `chroot`, kisha unasakinisha `shim-signed` na `grub-efi-amd64-signed` na kuendesha `grub-install`. Inafanya kazi, na mwenye data ndani ya Linux yake ndiyo anayopaswa kuifuata. Wewe huna kitu humo bado. Sakinisha upya juu ya patisheni ileile. Ni kazi ya vipindi viwili na inaacha mfumo safi.

Kwenye Windows, fungua Command Prompt kama msimamizi na uandike `powercfg /h off`. Amri hii inaondoa ile tabia ya Windows ya kujifanya imezimwa kumbe imelala nusu, hali inayoiacha diski yake ikiwa haijafungwa sawasawa na kuifanya Linux ikatae kuandika humo. Faili la Mint ni karibu GB 3, kwa hiyo usilipakue tena kabla ya kulikagua na kumaliza bando bure: andika `certutil -hashfile`, jina la faili, kisha `SHA256`, na ulinganishe matokeo na yaliyo kwenye tovuti ya Linux Mint. Kama yanalingana, faili ni zima. Ukitengeneza flashi upya kwa Rufus, chagua GPT na UEFI. Uzuri ni kwamba Legacy ikiwa imezimwa, flashi haina njia nyingine ya kuwaka ila UEFI.

Chomeka chaji, betri za mtumba si za kuaminiwa kwenye kazi hii. Washa huku ukigonga F9, chagua flashi. Mint itafunguka bila kusakinisha chochote. Tumia nafasi hiyo kujaribu Wi-Fi, sauti, kamera na mwanga wa skrini. Kisha fungua terminali uandike `ls /sys/firmware/efi`. Ukiona orodha ya majina, uko UEFI, endelea. Ukiambiwa hakuna faili wala folda kama hiyo, simama hapohapo, zima, urudi kwenye mipangilio.

Kisakinishi kikiuliza aina ya usakinishaji, chagua "Something else". Usichague kufuta diski, na usikiachie kipunguze patisheni ya Windows, kwa sababu imesimbwa na hakiwezi kuona ndani. Utaona ile ya EFI yenye FAT32, nyingine ndogo ya Microsoft ya MB 16, kubwa ya BitLocker, ya kwako ya ext4 yenye GB 80, na huenda moja ya urejeshaji. Gusa ya GB 80 tu: itumike kama Ext4, weka alama ya kuiformati, na mahali pa kupachika pawe `/`. Ile ya EFI hakikisha imeandikwa "EFI System Partition" na alama ya kuformati HAIPO. Humo ndimo lilimo faili linaloiwasha Windows, na kuiformati kwa bahati mbaya ni kosa linalowapeleka watu wengi kwa fundi. Patisheni ya swap (nafasi ya kuisaidia memori) huihitaji; Mint itatengeneza faili lake yenyewe.

Kazi ikiisha, kompyuta ikiingia Windows moja kwa moja, usidhani imeshindikana. Ingia F10, tafuta mpangilio wa kuwasha, upandishe "ubuntu" juu ya Windows. Kama mashine inang'ang'ania Windows, tumia F9 kila unapotaka Mint.

Kuna jambo moja la BitLocker ambalo wengi hawalisemi. Ukiingia Windows kupitia menyu ya GRUB, TPM inaona kwamba shim imetangulia kuwaka, vipimo vinabadilika, na namba 48 zinaweza kudaiwa tena. Kwa hiyo Windows iingie kwa F9 na kuchagua Windows Boot Manager, ambapo shim haipitiwi kabisa. Ukiwa ndani ya Mint unaweza pia kuendesha `sudo efibootmgr`, ukaona namba ya Windows, tuseme 0000, kisha ukaandika `sudo efibootmgr --bootnext 0000` na kuwasha upya. Itaingia Windows mara hiyo moja. Njia nyingine ni kuondoa usimbaji kwenye mipangilio ya Windows. Ni rahisi kuishi nayo, lakini laptopu ikiibiwa, mitihani inasomeka kwa yeyote mwenye bisibisi. Kwa mtu anayebeba mitihani ya shule kwenye daladala, ningeuacha usimbaji na kuvumilia F9.

Saa ya Windows ikirudi nyuma kwa saa 3, si virusi. Linux huihesabu saa ya ubao mama kuwa ya UTC, Windows huihesabu kuwa ya hapa kwetu, na tofauti ya Afrika Mashariki na UTC ni saa 3 kamili. Ndani ya Mint andika `timedatectl set-local-rtc 1`, zitaelewana. Na ukikutana na maneno "Verifying shim SBAT data failed", kama walivyokutana nayo watu wengi baada ya sasisho la Windows la Agosti 2024, maana yake ni kwamba shim iliyopo ni ya zamani na imekataliwa. Tiba ni kutumia flashi ya toleo jipya na kuisasisha Mint mara kwa mara.

Fundi wa ana kwa ana anahitajika katika hali chache. Mipangilio ya F10 ikidai nenosiri usilolijua, mrudishie muuzaji. Laptopu zilizotoka kwenye kampuni huja na nenosiri hilo mara nyingine, na kwenye mashine za daraja hili kutoa betri ya ubao mama hakuliondoi. Diski ikiwa haionekani hata ndani ya F10, au Windows ikianza kukwama na kulalamika kuhusu kusoma faili, hilo ni tatizo la kifaa na kila unapoiwasha unaongeza hatari. Kwa wasomaji wengine ambao kisakinishi hakioni diski yao wakati Windows inaiona, sababu mara nyingi huwa ni diski kuwekwa katika hali ya RAID au Intel RST kwenye mipangilio, badala ya hali ya kawaida iitwayo AHCI. Msiibadilishe kuwa AHCI kabla ya kuiandaa Windows, la sivyo itagoma kuwaka. Na kama namba 48 hazipatikani popote, wala kurudisha Secure Boot hakukusaidia, hakuna fundi anayeweza kuifungua diski hiyo. Atakayekuambia anaweza, mwombe aeleze kwanza atafanyaje, kabla hujamkabidhi mashine. Yule aliyekushauri kufuta kila kitu, muulize swali hilohilo kuhusu mitihani yako.

Ukikwama tena, ukiwa ndani ya flashi endesha `lsblk -f`, kisha `sudo efibootmgr -v`, na unitumie picha za skrini zote mbili. Kwa hizo nitaona patisheni zako zote na kila mstari uliomo kwenye daftari la UEFI.